Jina la Faili na Adabu ya Kushirikiana: Miiko na Mpangilio wa Muziki katika Mitandao ya Mtumiaji kwa Mtumiaji, 1996–2016

Utangulizi

Historia ya kubadilishana muziki kwa njia ya intaneti imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mashauri ya mahakamani. Husimuliwa kwamba mwaka 1999 Shawn Fanning, kijana aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, alitoa programu iliyoitwa Napster. Kwamba Desemba ya mwaka huohuo makampuni makubwa ya kurekodi nchini Marekani yalifungua shauri. Kwamba Februari 2001 Mahakama ya Rufani ya Kanda ya Tisa ilikubaliana nayo katika mambo ya msingi. Na kwamba Julai ya mwaka huo huduma ilizimwa. Masimulizi hayo ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba yanamwacha nje mtu mmoja muhimu, yaani yule aliyekesha mbele ya kompyuta akisahihisha majina ya nyimbo mia saba, moja baada ya nyingine, bila kulipwa na mtu yeyote, ili mgeni asiyemfahamu atakapofungua folda yake akute kila kitu mahali pake.

Makala hii inamhusu mtu huyo na wenziwe. Inachunguza namna watumiaji wa mitandao ya mtumiaji kwa mtumiaji walivyojiwekea adabu ya kutoa na kupokea, na namna adabu hiyo ilivyofungamana na jambo linaloonekana dogo, yaani jinsi ya kulipa faili jina na kulipanga ndani ya folda. Hoja inayojengwa ni kwamba mambo hayo mawili hayakuwa tofauti. Mahali ambapo hakuna mkutubi, duka wala mhariri, jina la faili ndilo ahadi pekee anayopewa mpokeaji kuhusu kilichomo ndani, na ahadi isipotimizwa hasara humwangukia mtu asiye na pa kulalamikia.

Jambo moja liwekwe wazi mapema. Sehemu kubwa ya muziki uliopita katika mitandao hii ulikuwa na wenyewe ambao hawakuombwa ruhusa wala kulipwa. Tanzania yenyewe ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, mwaka uleule wa kuzaliwa Napster, na wasanii wa Dar es Salaam walikuwa wamekwishaonja machungu ya kanda zilizonakiliwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote nchini kusikia neno MP3. Kueleza adabu ya wanaonakili si kuhalalisha kunakili. Hata hivyo, mtafiti anayekataa kuitazama adabu hiyo kwa sababu ya uharamu wa tendo atashindwa kueleza kwa nini watu waliokuwa wakivunja sheria moja walikuwa wakali kiasi kile katika kulinda sheria nyingine walizojitungia wenyewe.

Kanda, tarehe na ukoo wa nakala

Adabu hiyo haikuanzia kwenye kompyuta. Mizizi yake mojawapo iliyo imara zaidi ni mapokeo ya wapenzi wa bendi ya Grateful Dead ya California, ambayo iliwaruhusu wasikilizaji kurekodi maonyesho yake na, kuanzia mwaka 1984, ikawatengea warekodi sehemu yao maalumu ukumbini. Kanda hizo zilienea kwa posta. Mtu asiye na kitu cha kubadilishana hakufukuzwa; alituma kanda tupu pamoja na stempu za kurudishia, na mwenye nacho akamnakilia. Mwiko mkuu ulikuwa mmoja: kanda haiuzwi. Aliyeuza alitengwa.

Kanda ya sumaku ina tabia ambayo iliunda fikra nzima ya kundi hili. Kila inaponakiliwa hupoteza kitu na kuongeza mvumo. Nakala ya tano si sawa na nakala ya kwanza, na sikio la mzoefu halihitaji kuambiwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mpokeaji halikuwa "Ni wimbo gani?" bali "Imetoka kwa nani, naye aliipata kwa nani?" Kanda ilikuwa na ukoo, na ukoo huo uliandikwa kwenye kikaratasi cha jalada: chanzo cha sauti, mashine iliyotumika, idadi ya vizazi vya nakala. Mtu aliyeficha ukoo wa kanda yake alihesabiwa kuwa amedanganya.

Kundi la etree, lililoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya kusambaza rekodi za maonyesho za bendi zinazoruhusu jambo hilo, lilihamishia fikra hiyo kwenye intaneti karibu bila mabadiliko. Lilikataa MP3 kwa kuwa hupunguza sauti, likachagua kwanza muundo uitwao Shorten na baadaye FLAC, ambayo hubana faili bila kupoteza hata biti moja. Kila folda iliambatana na faili la maandishi lenye mahali, tarehe, orodha ya nyimbo na ukoo wa rekodi, pamoja na faili jingine lenye alama za hesabu za kuthibitisha kwamba hakuna kilichobadilika njiani. Majina ya mafaili yenyewe yalikuwa makavu na yenye nidhamu ya kijeshi. Jina gd77-05-08d1t01.shn humwambia anayejua kusoma kwamba hii ni Grateful Dead, tarehe 8 Mei 1977, diski ya kwanza, wimbo wa kwanza. Mwaka hutangulia mwezi na mwezi hutangulia siku, si kwa sababu ya desturi ya nchi yoyote, bali kwa sababu kompyuta inapopanga majina kwa alfabeti, mpangilio huo pekee ndio unaozaa mfuatano sahihi wa wakati. Katika jina lile hakuna hata neno moja la kumvutia msikilizaji. Ni jina lililotungwa na watu waliotarajia kwamba kutakuwa na kesho, na kwamba kesho kutakuwa na maelfu ya folda.

Baiti 128

Upande wa pili, ule wa nyimbo za madukani, mambo yalianza bila mpango. Watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walichagua kiambishi tamati .mp3 kwa ajili ya mafaili yao Julai 1995. CD hubeba takriban kilobiti 1,411 za sauti kwa sekunde. MP3 ya kawaida ya siku zile ilibeba 128, yaani sehemu moja ya kumi na moja. Wimbo wa dakika nne ukawa na ukubwa wa chini kidogo ya megabaiti nne, nao ulihitaji dakika tisa au zaidi kupita katika modemu ya kilobiti 56 hata kama laini ya simu ilikuwa safi kabisa. Ugumu huo wa kupitisha ndio uliolifanya kila faili kuwa na thamani, na kukatiza upakuaji wa mwenzio ukawa ukosefu wa adabu kabla hakujawa na kanuni yoyote iliyoandikwa.

Kiwango cha MP3 hakikuwa na nafasi iliyopangwa kwa jina la mwimbaji. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni dawa ndogo: baiti 128 zilizobandikwa mwishoni mwa faili, zikaitwa ID3. Tatu za kwanza hutangaza kwamba lebo inaanza; thelathini ni za jina la wimbo, thelathini za mwimbaji, thelathini za albamu, nne za mwaka, thelathini za maelezo, na moja ya mwisho ni ya aina ya muziki. Namba ya wimbo haikukumbukwa. Mwaka uliofuata ilitafutiwa nafasi kwa kumega baiti mbili kutoka sehemu ya maelezo.

Visanduku hivi vya herufi thelathini vinastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya inavyofanywa kwa kawaida, kwa kuwa vilibeba ndani yake wazo fulani la muziki ni nini. Jaribio moja linatosha. Mtu akitaka kuandika "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz Band" katika kisanduku cha mwimbaji, herufi zitakwisha mara tu baada ya neno Morogoro. Kitakachobaki ni "Mbaraka Mwinshehe na Morogoro", kana kwamba marehemu alikuwa akiimba pamoja na mji mzima. (Wapo watakaosema kwamba kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa.) Baiti ya aina ya muziki nayo ilikuja na orodha ya aina themanini zenye namba. Polka imo. Taarabu haimo, dansi haimo, rumba haimo. Aliyetaka kuhifadhi kanda za baba yake alilazimika kuchagua kati ya "Jazz", ambalo ni neno lililomo katika jina la bendi lakini si muziki wenyewe, na namba 12, inayomaanisha "Nyinginezo".

Kasoro iliyo kubwa kuliko zote haikuhusu urefu. Lebo ile ilikuwa na nafasi ya anayeimba lakini haikuwa na nafasi ya aliyetunga. Kwa muziki wa kibiashara wa Marekani upungufu huo ulivumilika, kwani mtu angeweza kuutafuta mtunzi kwingine. Kwa muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, ambamo jina la bendi hufunika la mtunzi, la mwimbaji kiongozi na la mpiga solo, kisanduku kimoja cha "mwimbaji" kilikuwa na maana ya kumtaja mmoja na kuwafuta wengine. Toleo la pili la ID3, la mwaka 1998, lilirekebisha jambo hili kwa kuongeza nafasi nyingi, ikiwemo ya mtunzi. Nafasi iliyopo, hata hivyo, haijijazi. Mafaili yaliyokwisha kuzagaa yalibaki na mtaji wa herufi thelathini.

Uongo usio na mwongo

Napster ilikuwa na seva kuu yenye orodha ya mafaili ya kila aliyeunganishwa. Mtumiaji aliandika jina, seva ikamtajia nani anacho, kisha kompyuta mbili zikapeana moja kwa moja. Utafutaji ulitegemea maneno ya jina la faili. Hivyo jina likawa na kazi mbili ambazo haziafikiani kila mara: kusema ukweli, na kuonekana. Faili lililoitwa "Track 05" lilikuwa la kweli lakini halikuonekana. Faili lenye jina la msanii mashuhuri lilionekana hata kama lilikuwa la uongo.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa wimbo "Don't Worry, Be Happy". Uliimbwa na Bobby McFerrin na kutolewa mwaka 1988. Bob Marley alifariki Mei 1981, yaani miaka saba kabla. Pamoja na hayo, katika mitandao ya kubadilishana muziki wimbo huo ulisambaa kwa jina la Marley, na wapo hadi leo, Afrika Mashariki wakiwemo, watakaobisha wakiambiwa si wake. Mchekeshaji wa muziki "Weird Al" Yankovic naye alijikuta akihesabiwa kuwa mwenyewe wa karibu kila wimbo wa kuchekesha uliokosa mwenyewe, zikiwemo za matusi, jambo alilolilalamikia hadharani.

Kosa la namna hii halikuhitaji mtu mwenye nia mbaya. Mmoja alikisia, wa pili akanakili pamoja na kisio, wa kumi akaliona jina lilelile kwenye kompyuta tisa na kulichukua kuwa ushahidi. Katika kanda za posta nakala mbaya ilijitangaza kwa mvumo wake. Katika faili la dijitali sauti haichakai, kwa hiyo uongo nao hauchakai. Nakala ya elfu moja ya jina potofu ni safi sawasawa na ya kwanza.

Kisha sheria ikaliingiza jina la faili mahakamani. Mei 2000 bendi ya Metallica iliikabidhi Napster orodha ya majina ya watumiaji 335,435 waliodaiwa kutoa nyimbo zake, na Machi 2001 Jaji Marilyn Hall Patel aliagiza kazi zinazolalamikiwa zizuiwe, wenye haki wakitakiwa kuonyesha majina ya kazi na ya mafaili. Watumiaji walijibu kwa kuharibu tahajia. Herufi ziligeuzwa, vokali zikaondolewa, majina yakaandikwa kinyumenyume. Kwa miezi kadhaa adabu ilipinduka: anayeandika jina kwa usahihi ndiye anayewaponza wenziwe, na anayelivuruga ndiye mwema. Mafaili ya kipindi kile yaliendelea kuonekana miaka mingi baadaye na majina yake yaliyopotoka, kama mtu aliyebadili jina wakati wa vita na kusahau kulirudisha.

Baada ya Napster hila ilitoka upande wa pili pia. Makampuni yalimwaga katika mtandao wa Kazaa mafaili ya chambo yenye majina sahihi na maudhui batili. Mwaka 2003 Madonna mwenyewe alihusishwa na mafaili yaliyodaiwa kuwa nyimbo za albamu yake mpya, kumbe ndani yake alisikika akiwakemea wapakuaji kwa lugha kali. Funzo ambalo watumiaji walilipata hapo si lile lililokusudiwa. Waliacha kuyaamini majina na kuanza kuwaamini watu.

Udoezi na foleni

Mwaka 2000 Eytan Adar na Bernardo Huberman wa kituo cha utafiti cha Xerox mjini Palo Alto walichunguza Gnutella, mtandao usio na seva kuu uliotolewa Machi ya mwaka huo. Walikuta kwamba takriban asilimia 70 ya watumiaji hawakutoa faili lolote, na kwamba karibu nusu ya majibu yote ya utafutaji yalitoka kwa asilimia 1 ya kompyuta. Kiswahili kina neno la zamani kwa mtu wa namna hii, ambalo linafaa kuliko istilahi yoyote ya kiuchumi: mdoezi, yule anayefika wakati wa chakula na kuondoka kabla ya vyombo kuoshwa. Ila mdoezi wa Gnutella alikuwa na sifa moja ya ziada. Hakuonekana usoni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuona haya.

Majaribio ya kumlazimisha kwa hesabu hayakufaulu sana. Kazaa ilimpa kila mtumiaji alama ya ushiriki. Punde ikatokea programu iliyorekebishwa na watu wengine, ambayo ilimtangaza kila mtu kuwa na alama ya juu kabisa. Katika Direct Connect wenye vituo waliweka kima cha chini cha gigabaiti ambazo mtu sharti awe nazo ndipo aingie. Wapo waliotimiza sharti kwa kutoa folda za Windows, gigabaiti tupu zisizo na wimbo hata mmoja.

Soulseek, iliyobuniwa na Nir Arbel, aliyewahi kuwa mtayarishaji programu wa Napster, ilifuata njia nyingine, na hapa ndipo adabu ilipopata sura ya ujirani. Ilikuwa na vyumba vya mazungumzo vilivyogawanywa kwa mapenzi ya muziki. Mtumiaji aliweza kufungua na kutembeza macho katika makusanyo yote ya mwenzake, si matokeo ya utafutaji tu, kisha kuchukua folda nzima kwa pamoja. Aliyetoa aliona nani amesimama katika foleni yake na anataka nini, na aliweza kumtanguliza, kumwandikia au kumfungia mlango. Haya alizokosa mdoezi wa Gnutella zilirejea, kwa kuwa sasa alikuwa na jina, na folda zake zilikuwa wazi kama sebule.

Kanuni zilizozaliwa hapo zilikuwa nyepesi kueleweka. Mtu asiingize mafaili mia nne katika foleni ya mmoja na kuwazibia wengine. Achukue albamu moja au mbili, asubiri. Asizime kompyuta wakati mwenzake amebakiza asilimia chache. Akiona ujumbe, ajibu. Akimaliza kupokea, alichopokea akiache katika folda ya kutolea, asikihamishe mafichoni. Kuna methali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika Soulseek jembe lilikuwa ni kutoa, na siku ya tatu ilifika haraka sana. Mwenye makusanyo mazuri alipoombwa na mtu asiyetoa chochote, alimuuliza kwanza, na wengi walieleza hali zao: laini mbovu, kompyuta ya chuo, diski iliyoharibika. Sababu ilikubaliwa mara nyingi. Kimya hakikukubaliwa.

Mpangilio wa folda ukawa sehemu ya mavazi ya mtu. Utafutaji wa Soulseek ulisoma njia nzima ya faili, si jina lake la mwisho tu, hivyo folda iliyopewa jina vizuri iliokoa hata mafaili yenye majina mafupi. Umbo lililoenea lilikuwa folda ya msanii, ndani yake folda ya albamu yenye mwaka, na ndani yake nyimbo zinazoanza kwa namba za tarakimu mbili. Tarakimu mbili zina sababu: kompyuta nyingi za wakati ule zilipanga 10 kabla ya 2, lakini haziwezi kupanga 10 kabla ya 02. Windows ilikataa mkwaju, nukta pacha na alama ya kuuliza katika majina, kwa hiyo AC/DC hawakuweza kamwe kuandikwa jinsi wanavyojiandika. Majadiliano juu ya nini kiwekwe badala ya ule mkwaju yalikuwa marefu kuliko mtu wa nje anavyoweza kuamini. Marefu zaidi yalikuwa yale ya bendi zenye majina mengi. DDC Mlimani Park Orchestra huitwa pia Sikinde. Aliyeiweka chini ya D, aliyeiweka chini ya M na aliyeiweka chini ya S wote walikuwa sahihi, na mgeni aliyetafuta alipata theluthi moja ya kilichokuwapo.

Faili lisiloguswa

BitTorrent, iliyotolewa na Bram Cohen mwaka 2001, ilibadilisha hesabu ya adabu kwa kuiweka ndani ya programu yenyewe. Faili hukatwa vipande, na kila mpokeaji huanza kuwapa wengine vipande alivyokwisha kupata. Programu hutoa kwa wingi zaidi kwa wale wanaoirudishia. Aliyekamilisha na kubaki wazi kwa ajili ya wengine huitwa mbegu. Anayechukua na kuondoka bado yupo, lakini sasa anajulikana kwa tarakimu.

Lipo jambo la kiufundi hapa ambalo wanahistoria wengi wamelipita. Kila kipande cha torenti huwa na alama ya hesabu iliyowekwa siku ya kwanza. Mpokeaji akirekebisha herufi moja tu katika lebo ya ID3, baiti hubadilika, alama hazilingani, naye hawezi tena kuwa mbegu ya faili hilo. Kwa maneno mengine, yule mtu wa usiku, aliyezoea kupokea faili chafu, kulisafisha na kulitoa likiwa safi, alijikuta mbele ya miiko miwili inayogongana. Akisahihisha kosa, anajitoa katika ushirika. Akibaki katika ushirika, anasambaza kosa. Wengine waliweka nakala mbili, moja ya kutoa na moja ya kusikiliza, ikiwa diski iliruhusu.

Suluhisho lilikuwa ni kuhamishia usahihi mwanzoni, kabla ya faili kutolewa, na hilo lilihitaji mlango wenye walinzi. OiNK's Pink Palace, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Alan Ellis wa Middlesbrough nchini Uingereza, iliingiwa kwa mwaliko tu, na ilipovamiwa na polisi Oktoba 2007 ilikuwa na wanachama wapatao 180,000. Ellis alishtakiwa, na Januari 2010 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Siku chache tu baada ya uvamizi iliibuka What.CD, ambayo ilikwenda mbali zaidi. Asiye na mwaliko aliweza kuomba kuhojiwa, na mahojiano hayakuhusu muziki anaoupenda. Yalihusu miundo ya sauti, namna ya kunakili CD kwa usahihi, na kosa lililoonwa kuwa baya kuliko yote: kuchukua MP3 ya kilobiti 128, kuigeuza kuwa faili kubwa na kulitoa kana kwamba limetoka kwenye diski. Sikio linaweza kudanganywa. Picha ya masafa ya sauti haidanganyiki kwa urahisi, kwani faili la namna hiyo huonyesha sauti za juu zimefyekwa karibu na kilohezi 16, mstari mnyoofu kama paa lililokatwa kwa msumeno. Mtahiniwa alionyeshwa picha na kutakiwa kusema ipi ni ya kweli.

Nakala za CD ziliambatana na faili la kumbukumbu lililotolewa na programu ya Exact Audio Copy ya mjerumani Andre Wiethoff, likitaja aina ya mashine, mipangilio yake na makosa ya usomaji. Faili hilo lilipewa alama, na alama 100 zikawa fahari. Ule ukoo wa nakala uliokuwa umeandikwa kwa kalamu kwenye kikaratasi cha kanda ulikuwa umerudi, safari hii ukiandikwa na mashine ili binadamu asipate nafasi ya kudanganya.

Ukali huo ulizaa kumbukumbu ya muziki iliyopangwa kwa uangalifu ambao maktaba nyingi zingeuonea wivu, na haina budi kusemwa kwamba ulizaa pia majivuno. Lakini uaminifu uliolindwa ulikuwa ni kwa diski. Folda yenye alama 100 iliweza kuwa na mtunzi asiyetajwa kabisa, na hakuna kanuni iliyovunjwa. Katika miaka hiyohiyo, huko Kidal nchini Mali, Mmarekani Christopher Kirkley alikuwa akikusanya kadi za kumbukumbu za simu, ambako nyimbo zilipitishwa kwa Bluetooth kutoka mkono hadi mkono, nyingi zikiwa na majina nusu au bila jina. Hapakuwa na alama za hesabu wala mahojiano. Mwaka 2010 alitoa mkusanyiko alioupa jina la simu za Sahara, kisha akaanza kuwatafuta wenye sauti zile mmoja baada ya mwingine ili wapate haki yao. Mmoja wao alikuwa Mdou Moctar wa Niger. Anayekumbuka vibanda vya Kariakoo vya kuwekewa nyimbo katika kadi ya simu kwa fedha kidogo, na mafaili yaliyokuja na anwani ya tovuti mahali pa jina la msanii, hatahitaji maelezo zaidi juu ya hali ya Kidal.

What.CD ilifungwa tarehe 17 Novemba 2016 baada ya mamlaka za Ufaransa kukamata seva zake. Waendeshaji walitangaza kwamba taarifa zote za tovuti na za watumiaji zimeharibiwa, ili zisimponze mtu. Muziki wenyewe haukuwa katika seva zile. Ulikuwa, kama ilivyokuwa tangu Napster, katika diski za watu majumbani mwao. Kilichopotea ni orodha: nani ana nini, toleo lipi limetoka katika santuri ipi, nani aligundua kwamba wimbo wa nne umeandikwa vibaya na nani alimsahihisha. Folda zilibaki zimetawanyika, kila moja na faili lake la kumbukumbu ndani.